Tenga Lililofungwa kwa Kanga ya Mama

Hii isome mpaka mwisho, usiishie katikati kama ulivyofanya ile ya juzi. Ukimaliza, mtumie anayekupikia, halafu mtumie na anayekuuzia mboga.

Katika milima ya Usambara aliishi mkulima wa nyanya aliyeitwa Mzee Hoza. Alikuwa mchapakazi, hilo simnyimi. Jua lilikuwa likimkuta shambani kila siku. Lakini alikuwa na mashamba mawili, na hapo ndipo ugomvi wangu naye unapoanzia.

La kwanza lilikuwa bustani ndogo nyuma ya jiko, yenye uzio wa matete. Bustani hiyo haikujua dawa ya dukani. Ililishwa samadi na majivu, na wadudu walifukuzwa kwa maji ya pilipili kichaa na kitunguu saumu. Nyanya zake zilikuwa na makovu, nyingine zimepinda, lakini ukikata moja tu, jirani anajua leo kwenu kuna mchuzi. Familia ilikula za humo peke yake.

La pili lilikuwa shamba kubwa kando ya barabara, alilolifungua baada ya binti yake wa pekee, Mwajabu, kuolewa. Hilo lilikuwa la soko. Alilipiga dawa kila wiki, bomba mgongoni, kitambaa puani. Karatasi ya chupa ilisema ukishapiga dawa usichume mpaka siku kumi na nne zipite. Yeye alichuma siku ya pili, maana nyanya zilikuwa zinang'aa na wachuuzi wameshafika. Na mkewe alikuwa mkali kweli: ole wake atakayeingiza nyanya ya barabarani kwenye chungu chake!

Siku moja mchuuzi akamuuliza, "Mzee Hoza, mbona hizi unazotuuzia nyie hamzili?"

"Hizo za watu."

"Watu gani?"

"Watu wa mjini huko. Nawajua basi? Hata majina yao siyajui."

Mchuuzi akacheka, Mzee naye akacheka. Mkewe hakucheka, akaendelea kufunga matenga.

Sasa, kule kwao kila mkulima alifunga matenga yake kwa alama yake, yasije yakachanganyika kwenye gari. Mzee Hoza alifunga ya kwake kwa vipande vya kanga kuukuu ya mkewe, ya zambarau yenye korosho nyeupe. Ukiiona kanga ile, umejua tenga ni la nani.

Mwajabu alikuwa akiishi Tanga mjini na mumewe. Alikuwa na mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu, akampa jina la baba yake, Hoza. Mzee alikuwa hajamwona wajina wake hata mara moja. Shamba halikumpa nafasi. Basi, siku mbili baada ya kupakia mzigo, akasema liwalo na liwe, akafunga safari. Akachuma kikapu cha nyanya za nyuma ya jiko, akakipakata njia nzima kama amebeba mayai.

Akafika asubuhi. Hodi, karibu, shikamoo, marahaba. Na pale mkekani akamwona wajina wake, kidevu kimelowa, mikono miwili imeshika nyanya nyekundu inayong'aa, anaifyonza kwa raha zake. Kando yake kulikuwa na kapu lililojaa nyanya, limefungwa mdomo kwa kipande cha kanga ya zambarau yenye korosho nyeupe.

Mzee akaruka. Akampokonya mtoto nyanya, akaitupa uani. Mtoto akaangua kilio.

"Baba! Kulikoni?"

"Umeipata wapi hii?"

"Sokoni. Lakini ni zako, Baba! Mimi sinunui za mtu mwingine. Gari la mlimani likifika, nasimama naangalia tenga lenye kanga ya mama, na kipande naomba nije nacho. Hata mimba ya huyu nimeilea kwa nyanya zako. Majirani wote nimewaambia, mkitaka nyanya salama, nunueni za baba yangu."

Mzee Hoza akatazama kile kipande cha kanga. Akakaa chini.

"Kwani hizi zina nini, Baba?"

Akamweleza yote, dawa, siku ya pili, uzio wa matete. Akamalizia, "Mwanangu, mimi nilidhani nawauzia watu." Na machozi yakamtoka, mtu mzima yule.

Mwajabu hakupiga kelele. Alimbeba mwanawe, akamfuta mdomo, akasema, "Na mimi ni watu, Baba. Na Mama Kihiyo wa mlango wa pili ni watu."

Mzee akainuka. Akamwomba bintiye ampeleke kwa majirani wale, nyumba moja baada ya nyingine, akawaambia kwa kinywa chake wasizile. Aibu aliyoipata siku ile, acha tu. Lakini alizimaliza zote, na kila nyumba aliuliza jina.

Aliporudi mlimani aling'oa uzio wa matete, mkewe akaupikia chai. Samadi na mboji vikavuka mpaka barabarani, dawa ya dukani ikakoma. Msimu wa kwanza alivuna kidogo, wenzake wakamcheka. Msimu wa tatu udongo ulikuwa mweusi, umejaa nyungunyungu, na nyanya zake zina ladha ambayo mtu akiionja mara moja, nyingine anaziona maji matupu. Sasa hivi mkewe anachuma mboga ya jioni popote anapotaka, na kabla tenga halijafungwa kanga, anatoa nyanya moja ya katikati anaila mbele ya mnunuzi.

Juzi yule mchuuzi akamtania, "Mzee, na hizi nazo za watu?"

"Za watu, ndiyo," akajibu. "Za Hoza. Za Mwajabu. Za Mama Kihiyo na wanawe wanne. Za Bwana Titu fundi baiskeli. Niendelee?"

Funzo: Chakula kisicho na sumu ni haki ya kila mlaji, si ya nyumba ya mkulima peke yake. Ukinunua, chagua kilicholimwa kwa samadi na subira, na muulize muuzaji kama na yeye anakila. Ukilima, lima kana kwamba kila tenga linakwenda kwa mjukuu wako.