Kindi na Bomba la Nta

Hapo zamani za kale, fisi walipokuwa bado wanabisha hodi kabla ya kuiba, ukame uliingia nchini ukakataa kutoka. Habari hizi nilipewa na sisimizi mmoja, na sisimizi akishashiba hasemi uongo.

Kindi alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na mti mmoja mkavu wa mninga wenye matundu mawili. Tundu la juu lilikuwa la nyuki wakali. La chini lilikuwa la nyuki wasiouma, na asali yao ndiyo iliyowaweka watoto hai: tone asubuhi, tone jioni.

Sasa nyuki hao walifanana. Wote weusi, wote vuuu. Ila wasiouma hujenga bomba dogo la nta mlangoni, kama mdomo wa birika.

Jioni moja Fisi akaja.

"Hodi, jirani."

"Sina kitu, Mzee Fisi. Watoto wanalia njaa."

"Wangu nao wanalia, tena wana sauti kubwa kuliko wako. Kesho alfajiri nakuja kula asali ya wasiouma."

"Utawajuaje? Hata mimi nawachanganya."

"Usinifundishe uzee, binti. Natazama bomba."

Akaondoka. Kindi akalia mpaka mkia ukalowa. Kumpiga Fisi hawezi. Kuhama, ahamie wapi?

Mara akanyamaza. Akalibandua lile bomba, nyang'a, akapanda nalo, akalibandika kwenye tundu la juu.

Alfajiri Fisi akafika kwenye ukungu, akasimama kwa miguu ya nyuma, akaliona bomba.

"Kumbe mko huku, wapole wangu." Akatia pua yote.

Vuuuu!

"Mama wee, wanauma hawa!"

"Wavumilie, Mzee," Kindi akasema tawini. "Labda hawajakuzoea."

Fisi akakimbia, ti ti ti ti, uso umevimba kama boga, asirudi tena.

Kindi akacheka kufidia mwaka wake wote wa kilio. "Wanangu, njooni tulambe."

Wakashuka hadi tundu la chini. Kimya. Lile bomba lilikuwa na utomvu wa kunata, na utomvu huo ndio uliowazuia sisimizi. Walipokuta mlango wazi waliingia, wakabeba asali yote mpaka nta.

"Mama, tone letu?"

"Kesho," Kindi akasema, akijua kesho haina kitu.

Nanyi sasa mmejua yule sisimizi wangu alishibia wapi.

Ukimkomoa mwizi kwa kung'oa mlango wako, umewafungulia wengine.