Chungu Chenye Pengo

"Vyungu vyenu viko wapi?"

Mzee mmoja, mlinda lango, aliwauliza watu mia tatu swali hilo maji yakiwa yameshawafika kwenye vifundo vya miguu. Walitazama chini, kama sisi mhadhiri anapouliza nani amesoma.

Lishikeni swali hilo, ndugu zangu, tutalirejea. Kwanza niwapeleke kwenye nchi yenyewe. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, haipo. Ni nchi yenye miezi miwili angani, mmoja mweupe kama huu wetu, wa pili mwekundu kama udongo wa kichuguu. Chini bondeni, kando ya mto, wanaishi Wandoro. Juu ya jabali wanaishi Waseru. Kutoka kwa hawa hadi kwa wale ni mwendo wa asubuhi moja, na kwa miaka sitini hakuna aliyekuwa ameutembea.

Kwa nini? Kwa sababu ya zawadi.

Wandoro ni wafinyanzi, tena si wa kubahatisha. Mtoto wa Kindoro akifika miaka mitano anajua kugonga chungu kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akakwambia kina ufa au hakina. Chungu kizima hulia kama kengele. Chenye kasoro hukohoa. Na chenye kasoro, kwao, kina kazi moja tu: huwekwa juu ya kaburi. Ukimpa Mndoro chungu kilichomegeka mdomo umemwambia, "Kafe."

Sasa, miaka sitini nyuma, ile miezi miwili ilikutana. Ikikutana huuvuta mto mpaka ukazisahau kingo zake. Maji yakapanda bondeni, yakachukua watu wengi. Yalipokauka, Waseru wakateremka kutoka jabalini, kimya kimya, wakapita mlango kwa mlango, na kila nyumba wakaipa chungu kimoja. Chungu kizuri, cheusi, kimesuguliwa mpaka kinang'aa. Ila kila kimoja kilikuwa na pengo mdomoni, kama mtoto aliyeng'oka meno ya mbele.

Watu wamezika juzi, leo wanaletewa vyungu vya makaburi! Wewe ungefanya nini? Basi hicho hicho unachofikiria ndicho walichofanya. Walisubiri wageni waondoke, wakavibeba vyungu vyote, wakaenda kuvitupa kwenye shimo wanakochimba udongo. Hawakuuliza. Mndoro haulizi; kwao kuuliza ni kukiri kwamba hukufundwa nyumbani. Na Waseru nao hawakueleza, maana kwa Mseru zawadi ikishaelezwa imegeuka masimango.

Miaka sitini! Watoto wakazaliwa, wakawachukia Waseru kabla hawajaota meno.

Nyumba moja tu haikutupa chake. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye siku ile ya zawadi alikuwa msichana wa miaka tisa. Alikificha chungu, na sasa alikuwa akikitumia kunyweshea kuku. Mjukuu wake, mfinyanzi hodari, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, alikuwa akiona haya mpaka basi.

"Bibi, chungu cha kaburi kimekaa uani kwetu, watu wanapita wanakiona!"

"Wakikiona?"

"Bibi, wale watu walitutukana!"

"Kuku hawajatukanika. Wanakunywa vizuri tu."

"Bibi!"

"Mke mwenzangu, hebu nisikilize. Yule mama wa Kiseru alinipa kwa mikono miwili, tena analia. Niambie wewe unayejua kila kitu: mtu akija kukutukana huja na mikono miwili?"

Mjukuu akasonya, akaenda zake. Kusonya si hoja, jamani, ingawa wengi wetu tumeshinda midahalo kwa hiyo hiyo.

Ikafika asubuhi moja. Jua limeshatoka, watu wako kazini, mwezi mweupe ukasogea mbele ya ule mwekundu, na mto ukanguruma. Maji yakaingia mjini kama mwenye nyumba aliyerudi kutoka safari. Pa kukimbilia palikuwa mahali pamoja tu. Juu. Jabalini. Kwa wale wale.

Watu wakapanda. Wengine wamebeba wagonjwa, wengine magodoro. Yule bibi alijitwika chungu chake, kuku akiwa ndani.

"Bibi, itupe hiyo laana tukimbie!"

"Laana gani hii inayotaga mayai?"

Wakafika juu, maji yakiwafuata nyuma kama deni. Mbele yao lango refu la mbao, limerudishwa. Pembeni yake mzee wa Kiseru, fimbo mkononi. Akawatazama wote, akauliza kile alichouliza: "Vyungu vyenu viko wapi?"

Mkuu wa bonde akamnong'oneza jirani yake, "Unamsikia? Hata leo anatukumbusha makaburi." Nani angethubutu kumjibu mzee? Utasemaje kwamba ulitupa zawadi ya mtu, na hapo hapo unamwomba akufiche?

Bibi akapenya katikati ya watu. "Changu hiki hapa, baba. Uniwie radhi, kina kuku."

Mzee akamtoa kuku, akamkabidhi mjukuu. Akapitisha kidole gumba kwenye lile pengo, polepole, kama anayepapasa uso wa mtu aliyempoteza siku nyingi. Akaingia ndani upesi. Aliporudi, mkononi alikuwa na kigae kidogo cheusi, kinaning'inia kwenye uzi. Akakipachika kwenye pengo. Kikakaa kama jino kwenye fizi.

Juu ya kigae palichorwa mti wa mbono.

"Nyumba yenye mbono mlangoni!" mzee akapiga kelele. "Mama yangu ndiye aliyewamegea hiki! Karibuni nyumbani. Chumba chenu kinafagiliwa kila mwaka."

Mfinyanzi yule, mtaalamu wa nyufa, akasimama pale na kuku wake. Maisha yake yote alikuwa akilitazama pengo lile, na hakuwahi kujiuliza kipande kilikwenda wapi. Kwa Waseru, anayetoa humega kipande akabaki nacho. Maana yake ni kwamba mimi bila wewe nina pengo, na wewe vivyo hivyo. Siku yoyote ikikuelemea njoo, tuunganishe.

Angeweza kuingia. Mtoto yuko mgongoni, maji yameshapita vifundo, yanatafuta magoti. Lakini akageuka akawatazama walio nyuma yake.

"Mimi siingii," akasema.

"Una nini, mwanangu?"

"Mzee, hawa hawana vyungu. Walivitupa, wote. Yule pale ndiye mkunga aliyenizalisha. Huyu tumekua naye kwenye ua mmoja. Na mimi si bora kuliko wao, changu ningekitupa zamani, ni bibi huyu tu amenizidi ubishi. Kama chungu ndicho kinachookoa, basi hiki kivunje vipande mia tatu, umpe kila mtu chake!"

Mzee akamshangaa. "Nani amesema wasiingie?"

"Si umeuliza vyungu?"

"Nimeuliza nijue nani aende chumba gani! Nyumba mia moja na kumi na mbili, mimi nitazijuaje kwa sura? Kwani mmesimama kwenye maji muda wote huu mnangoja nini? Lango hilo halina komeo. Halijawahi kuwa nalo. Lisukumeni!"

Mkuu wa bonde akanyoosha kiganja, akalisukuma. Lango likafunguka kwa mkono mmoja.

Na ndani, ukutani, vilikuwa vigae. Mia moja na kumi na kimoja, kila kimoja na uzi wake, wala hakikuwa na vumbi. Watu wakaingia wakilia na kucheka, huku mzee anapita ukutani anasoma michoro kwa sauti.

"Nyumba yenye kisima cha mawe matatu!"

"Sisi! Sisi hapa!"

"Nyumba ya mlango uliopinda!"

"Ndiyo sisi, baba, na bado umepinda!"

Hivyo hivyo mpaka kigae cha mwisho, na hakuna nyumba iliyoitwa ikakosa wa kuitika. Kule langoni maji yalifika usawa wa kizingiti kirefu, yakasimama hapo, na jioni yakaanza kurudi.

Mkuu wa bonde ndipo alipojikaza, akamfuata mzee. "Baba, tulivitupa. Tulidhani mnatuombea kifo."

Mzee akatikisa kichwa. "Na sisi, miaka yote hii hamji, tulidhani hamna shida."

Sasa tuje kwetu sisi.

Najua pale nyuma kuna mkono unataka kuinuka. Unataka kuniambia kosa ni la Waseru, wangeeleza tangu mwanzo yakaisha. Sawa, nakupa pointi hiyo, na hata mimi nina hasira nao. Mtu unampa mfiwa chungu chenye pengo halafu unaondoka bila neno, ulitegemea aote? Lakini angalia, mwenzangu. Ushinde kwa hoja hiyo mara mia, bado umesimama kwenye maji, mbele ya lango ambalo halijafungwa.

Na sisi tusijifanye watu wa nchi nyingine, wenye mwezi mmoja na akili nyingi. Muhula uliopita, bweni letu hili hili, alikuja binti wa mwaka wa kwanza. Kila akipika anatukaribisha, na kila akitukaribisha anatangulia yeye kula tonge la kwanza, ndipo anatusogezea sahani. Tulisemaje? Tukamwita Tonge la Kwanza. Tulimcheka korido nzima mpaka akahama chumba. Mwezi uliopita ndipo dada yake alipokuja kumtembelea, akatuambia bila hata kuulizwa: kwao mwenyeji huonja kwanza ili mgeni ajue hakuna sumu. Kumbe kila jioni yule mtoto alikuwa anatuambia, "Kwangu mko salama." Na sisi, wasomi, mabingwa wa kunukuu vifungu, tulimfukuza kwa kicheko. Nani kati yetu aliwahi kumuuliza? Tulijua kujibu tu, swali lenyewe hatukuwa nalo.

Na kwa Mungu tunafanya vivyo hivyo. Kuna mtu amekaa hapa leo, alipewa maisha yenye pengo. Ada imekwama, au mama amefariki, au mwili hautii. Alilitazama pengo akasema, "Mungu kanitukana," akatupa shimoni sala zote alizofundishwa. Sasa maji yamepanda na anaona haya kuja, maana akija ataulizwa. Ndugu yangu, ndiyo, utaulizwa. Lakini aliyekuumba hakuulizi ili akufungie nje. Anauliza kwa sababu kipande chako anacho yeye, amekitundika, anakifuta vumbi, na anataka akupeleke chumbani kwako. Ulichokitupa hakijakufungia lango. Pumua, ndugu yangu. Njoo na mikono mitupu hivyo hivyo, usukume.

Na yule binti? Namshukuru Mungu hajahama chuo. Yuko ghorofa ya juu, mlango wa mwisho karibu na mabomba, na jana nilipopita palinukia kitunguu, kwa hiyo bado anapika.

Basi nina ombi moja. Tukimaliza sala, kabla hujaenda kula, wewe uliyemcheka na mimi niliyemcheka, tupande ngazi tukagonge, tumwombe radhi, tumuulize habari za kwao. Naomba twende.