Kiboko Alipong'oa Miiba Yake

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama watu waliolala njaa. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa hata moto umesikia.

Hapo zamani za kale, huko milimani Upare, palikuwa na mto ulioitwa Nkwini, na mtunza mto alikuwa Kiboko. Desturi ya huko ilikuwa msaragambo: pembe ikipigwa, kila mwenye mkono na kila mwenye kwato hutoka kufanya kazi ya wote. Aliyepiga pembe hunywa maji akiwa wa mwisho.

Mwaka mmoja Kiboko akapiga pembe, watu na wanyama wakafukua kidimbwi kirefu. Kobe alibeba udongo mgongoni mchana kutwa. Walipomaliza, Kiboko akatangulia kunywa, kisha akakizungushia kidimbwi miiba, eti kwa usalama wa maji. Usalama gani huo? Kobe alirudi kwake na kiu.

Wahenga walisema la mgambo likilia lina jambo. Lile la Kiboko lilikuwa na jambo lake mwenyewe.

Basi tope likashuka milimani, likauziba mto, na kidimbwi cha miiba nacho kikakauka. Ngozi ya mtoto wa Kiboko ikaanza kupasuka. Kiboko akapiga pembe: "Njooni tufukue, mto ni wetu sote." Wakamjibu kutoka majumbani, "Tulikuja, tukarudi na kiu." Akapiga tena. "Tulikuja, tukarudi na kiu." Hakutokea hata chura.

Akaenda kwa Nakijwa, mama mkulima ambaye shamba lake la maharage lilikuwa limekauka, akamuuliza kama watu wamekuwa wavivu. Nakijwa aliendelea kupepeta.

"Uvivu hatuna," alisema. "Kwenye kazi unaona mikono yetu. Kwenye maji huoni kwamba tuna midomo."

Kiboko aliona aibu kubwa kuliko tumbo lake. Akarudi mtoni, akaing'oa ile miiba kwa mdomo wake mchana kweupe, damu ikimtoka, wote wakitazama. Kisha akaiweka pembe mlangoni kwa Nakijwa, akamwomba aipige yeye, na watu waseme wenyewe kazi ianzie wapi.

Nakijwa akapiga mara ya tatu. Wakaja! Nguruwe wakalivunja tope, kima wakapokezana mawe, akina mama wakapanda mikuyu na matete kingoni. Kobe alifika nyuma ya wote, jicho lake kwa Kiboko.

Maji yakapasua njia, yakashuka yakinguruma. Nakijwa akamsukuma mtoto wa Kiboko majini kwanza, wala hakuna aliyenung'unika. Wote wakanywa. Kiboko, ambaye pembe ilikuwa yake, alisimama kando akingoja kuwa wa mwisho, jua likimchoma. Kobe akanywa, akapumzika, akanywa tena, makusudi kabisa, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Kiboko hakusogea.

Mwishowe Kobe akafuta mdomo. "Leo sirudi na kiu," alisema. "Ingia, mzee. Maji ni yetu."

Kiboko akaingia, mto ukafurika hadi kwenye matete, na vigelegele vikasikika mpaka mlima wa pili.

Hadithi yangu inaishia hapo ukingoni. Mwenye kiu anywe, na mwenye pembe asubiri zamu yake.