Fisi, Pimbi na Bei ya Kasuku

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa kilima!

Juu ya kilima?

— Fisi!

Na chini ya kilima? Mbona kimya? Hamjui. Mimi najua, ndiyo maana nimekaa kitini na nyinyi mmekaa mkekani. Chini ya kilima palikuwa na Pimbi. Wewe unayecheka kwa sababu Pimbi ni mfupi, cheka sasa hivi umalize, maana mbele huko utatafuta pa kuficha uso.

Basi, zamani za kale, lakini si za kale sana, kwa kuwa mtandao ulikuwa umeshafika porini, Fisi alijaza kilima chake mitambo. Nguuu, nguuu, usiku na mchana. Kila mnyama mwenye tovuti aliihifadhi humo kwenye seva za Fisi. Nungunungu alikuwa na duka lake la mtandaoni humo. Digidigi alikuwa na gazeti lake humo. Na Bi Pimbi alikuwa na nyimbo za marehemu bibi yake, mia moja na kumi, alizozirekodi kabla mzee hajafumba macho. Nakala nyingine hakuwa nayo. Hilo lilikuwa kosa, tena kosa kubwa, nami simtetei.

Bibi yule alikuwa na sauti, jamani! Akipiga kwiii! kwi-kwi-kwiii! mawe yanaitikia. Jioni pimbi wote huketi mwambani wakafungua simu wakamsikiliza, na kila mmoja akavimba kifua, kwamba huyu ni wa kwetu.

Kodi ya seva ilikuwa mifupa kumi kwa mwaka. Kilimani pale kila kitu kilipimwa kwa mifupa, kwa sababu mwenye umeme ni Fisi. Ila asiye na mifupa aliruhusiwa kulipa kwa sarafu za mtandaoni, zile pesa ambazo hazishikiki mkononi wala haziingii mfukoni. Na bei ya sarafu hizo ilikaa mdomoni mwa Kasuku. Kila asubuhi aliangalia sarafu ya mwisho imeuzwa kwa mifupa mingapi sokoni, akapanda juu, akatangaza. Siku Bi Pimbi alipolipa, Kasuku alitangaza, "Kwaa! Sarafu moja, mifupa kumi!" Bi Pimbi akatuma sarafu moja. Fisi akapokea. Wakaagana vizuri.

Miezi sita ikapita. Jumanne moja pimbi wakakaa mwambani, wakafungua simu. Tap! Giza. Wakafungua tena. Tap! Giza.

Bi Pimbi akapanda kilima mbio mbio.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Umeleta mifupa sita?"

"Mifupa sita ya nini tena, mzee wangu?"

"Leo Kasuku kasema sarafu moja ni mifupa minne. Umenilipa minne. Sita imebaki. Ijumaa isipofika hapa, nafuta nyimbo zako zote."

"Lakini nilipolipa ilikuwa kumi! Bei ni ya siku ya malipo!"

"Hee-hee-hee! Bei ni ya siku ninayohesabu mimi. Kilima changu, hesabu yangu."

Bi Pimbi akajisikia moyo unapasuka. Siku tatu tu, na sauti ya bibi yake itafutwa kama vumbi la mezani. Lakini pimbi halii mbele ya fisi, watoto wa watu wasije wakamcheka. Akafikiri. Akasema kwa unyenyekevu:

"Sawa, mzee. Wewe ndiye mkubwa. Ila niandikie kanuni hiyo uibandike getini, wenzangu wasije wakasema umenionea mimi peke yangu."

Fisi akaipenda hiyo, maana wateja wa sarafu walikuwa wengi na wote wangedaiwa. Akachukua ubao, akaandika kwa herufi kubwa: MALIPO YA SARAFU YATAHESABIWA IJUMAA KWA BEI YA KASUKU YA SIKU HIYO. KILICHOPUNGUA MTEJA ALIPE.

"Na kikizidi?" Bi Pimbi akauliza polepole.

Fisi akacheka mpaka akakaa chini. "Kikizidi! Miezi sita inashuka, itapanda kwa miguu ya nani? Haya, naandika: KILICHOZIDI MTEJA ARUDISHIWE." Akapiga unyayo wake chini ya maandishi, pwaa! Akabandika.

Bi Pimbi akashuka. Hakwenda kwao. Alikwenda kwanza kwa Nungunungu, kwa Digidigi na kwa wateja wengine wote.

"Wenzangu, Fisi akija kununua sarafu, msimnyime. Ila kila mmoja aombe zaidi ya aliyetangulia. Hayo tu."

Kisha Jumatano asubuhi akaenda kwa Kasuku, akamwinamia sikioni. "Ndugu yangu Kasuku, usimwambie mtu, hasa Fisi. Sarafu zote zilizoko sokoni nazitaka mimi, kabla ya Ijumaa."

Naye hakusema uongo. Alizitaka kweli, nani asiyezitaka? Mifupa ya kununulia ndiyo hakuwa nayo, hata mmoja. Lakini hilo Kasuku hakuuliza.

Na siri ukimpa Kasuku ni sawa na kuipa redio. Fisi alikuwa bado anatafuna chakula cha mchana, habari ikamfika. Akaacha kutafuna.

"Yule mfupi anazitaka zote? Anajua jambo! Mimi nitamtangulia."

Akabeba gunia la mifupa, akaenda sokoni, vishindo gubu, gubu, gubu.

"Nungunungu, nauziwa sarafu kwa ngapi?"

"Sita."

"Haya, chukua. Digidigi, nauziwa sarafu?"

"Kumi."

"Kumi? Haya, chukua!" Jioni wa mwisho akamuuzia kwa kumi na mitano.

Alhamisi Kasuku akapanda juu, "Kwaa! Sarafu moja, mifupa kumi na mitano!" Fisi akafurahi. Inapanda! Akarudi ghalani, akabeba gunia la pili. Gubu, gubu, gubu.

"Nauziwa sarafu?"

"Ishirini."

"Nauziwa sarafu?"

"Thelathini."

"Nauziwa sarafu?"

"Arobaini, na kwa kuwa ni wewe."

Akanunua mpaka ghala likabaki na vumbi na harufu tu. Hakulala kwa furaha. Ubao wake mwenyewe ulikuwa getini, naye aliupita kila alipotoka na kila aliporudi, asiutupie jicho. Tamaa, ndugu zangu! Ikikushika inakunyang'anya hata kusoma.

Ijumaa ikafika. Kasuku akapanda juu zaidi ya siku zote.

"Kwaa! Sarafu moja, mifupa arobaini!"

Wateja wakajaa getini. Mbele yao Bi Pimbi, na sijui nani alisema ni mfupi, maana siku ile mimi ningeapa amempita twiga.

"Mzee Fisi, tumekuja kuhesabu. Nilikulipa sarafu moja. Kasuku kasema arobaini. Kodi ni kumi. Nirudishie mifupa thelathini."

"Na mimi thelathini!" akasema Nungunungu.

"Na mimi!" akasema Digidigi.

Fisi akautazama ubao. Akautazama unyayo wake. Masikio yakalala.

"Hapana! Hapana, si haki hiyo! Mlipolipa ilikuwa kumi! Bei ni ya siku ya malipo!"

Bi Pimbi akatega sikio.

"Rudia," akasema Bi Pimbi. "Wa nyuma hawakusikia."

"Bei ni... ya siku ya malipo."

"Hivyo ndivyo nilivyokuambia Jumanne. Basi chagua. Ukifuata ubao, utulipe wote leo hii. Ukifuata maneno yako ya sasa, hatudaiani. Na mifupa yako sisi pimbi hatuli, tunakula majani. Fungua nyimbo za bibi yangu."

Fisi akaung'oa ubao kwa meno yake mwenyewe. Akaingia ndani, akabonyeza. Tap!

Kwiii! Kwi-kwi-kwiii!

Sauti ikatoka kwenye simu zote za pimbi kwa pamoja, ikashuka mwambani, na mawe yakaitikia. Bi Pimbi akalia, mbele ya Fisi, mbele ya wote, na hakujali, maana kulia kwa kushinda si aibu.

Fisi akabaki na sarafu zake zisizoshikika, anatafuta wa kumuuzia. Jumamosi Kasuku akatangaza, "Kwaa! Sarafu moja, mifupa miwili!"

Hapo ndipo mwisho. Hadithi ikiwa tamu, sifa ni zangu. Ikiwa chungu, madai yapelekwe kwa Fisi.

Na funzo lake, shikeni sana: mdogo asibishane na mkubwa, na siri yako mwambie Kasuku, ndiye anayejua kuitunza.