Kijeba na Mashamba Matatu

Haya, kaeni. Hamjambo? Mnajibu kwa sauti ya watu waliotoka shambani. Hata mimi nimetoka huko huko, mgongo unaniuma, kwa hiyo tutaelewana. Anayetaka hadithi ya sungura aende nyumba ya pili, wao bado wana nguvu za kucheka. Ya kwangu leo ni ya majirani watatu na trekta moja, na nikiimaliza mtanidai jibu. Nawaambia mapema, sina.

Upareni, huko juu milimani wanakolima tangawizi, waliishi majirani hao watatu.

Wa kwanza alikuwa Eliamani, na Mungu alimjalia masikio. Pikipiki ikipanda mlima, hajaiona, anakuambia mnyororo wake umelegea. Kanisani alikuwa akimnong'oneza mkewe kwamba kinanda kina sauti moja iliyopotoka, mpaka mkewe akamwomba, "Baba, leo sikiliza mahubiri tu."

Wa pili alikuwa Nasemba, mama aliyelea wanawe peke yake. Huyu alijaliwa ung'ang'anizi. Neno "hakuna" lilikuwa haliingii kichwani mwake. Ukimwambia chumvi imekwisha dukani, atakuuliza nani alinunua ya mwisho na anakaa wapi.

Wa tatu alikuwa Sefania, wa ukoo wa Mshana, wale wahunzi wa tangu zamani. Alijaliwa mikono. Maneno hakuwa nayo, hata salamu alikuitikia kwa kichwa, lakini kitu kikivunjika ukampelekea, kilirudi kizima.

Na trekta je? Trekta ilikuwa ya Mama Kiondo, mjane. Marehemu mumewe alikuwa mtunza bustani wa misheni, na wale wamisionari walipoondoka walimwachia katrekta kao ka bustani, kadogo, kakuukuu, kanakopita penye upana wa kitanda. Watu wakakaita Kijeba, kwa sababu umri mkubwa, kimo hakuna. Na msicheke! Mashamba ya kule ni ngazi ngazi, membamba, yamezuiwa kwa kuta za mawe. Trekta kubwa haifiki. Kijeba peke yake ndiye aliyefika.

Lakini Kijeba alikuwa mgonjwa. Injini inawaka vizuri, magurudumu yanazunguka, ila plau haipandi. Sasa kwenye ngazi, kila ukifika mwisho unageuza, na ukigeuza plau lazima inyanyuke, la sivyo unabomoa ukuta wa mawe na shamba lote linamshukia jirani wa chini. Kinachoinyanyua ni haidroliki. Pampu inasukuma mafuta, mafuta yanaisukuma pistoni ndani ya silinda, pistoni inanyanyua plau. Ya Kijeba ilikuwa imekufa, na kiwanda kilichomtengeneza nacho kilikuwa kimekufa siku nyingi.

Mwaka huo vuli ilikataa. Ardhi ilikauka hadi jembe la mkono likawa linaruka. Vijana wenye mabega walikuwa wameshateremkia mijini, na waliobaki kila mmoja alikuwa anahangaika na ngazi zake. Tumaini likabaki kwenye ndiva, lile bwawa la mababu ambalo maji yake hufunguliwa kwa zamu. Na wazee wa maji wana sheria yao, haina huruma: shamba ambalo halijalimwa, zamu yake inarukwa. Shamba lililolimwa nusu, linarukwa vilevile, maana hawatapoteza maji kwenye ardhi ngumu.

Ndipo Mama Kiondo akasema mbele ya wote watatu, "Mimi kulima nimeshaacha, magoti yamekataa. Kijeba nitamwendesha mwenyewe, marehemu alinifundisha. Atakayemfufua, shamba lake ndilo la kwanza."

"Tutamfufua sote, mama," akasema Nasemba. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

Wakapeana mikono. Kosa lao lilianzia hapo, nami nalisema wazi. Watu wa milimani wakishapeana mikono ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wanaona aibu kuulizana mambo ya baadaye. Ukiuliza "na ikitokea hivi je?" unaonekana mchoyo. Basi hakuna aliyeuliza.

Eliamani akaanza. Kila fundi aliyewahi kupita pale alikuwa ameilaumu pampu, na pampu ya Kijeba haipatikani duniani. Eliamani akachukua nondo, ncha moja akaiweka kwenye pampu, nyingine sikioni. Akasikiliza asubuhi, akasikiliza mchana, moshi wote wa injini ukamwishia kifuani. Jua likipanda anasikiliza, jua likishuka anasikiliza, na shamba lake mwenyewe linazidi kuwa jiwe. Mkewe akaja na chakula, akakuta amefumba macho.

"Umelala?"

"Nyamaza, mke wangu. Pampu nzima hii. Inaimba vizuri kabisa. Mafuta yanapiga mluzi ndani ya silinda. Yanapenya pembeni ya pistoni."

Wakaifungua silinda. Kweli! Pistoni ilikuwa imechimbika, na sili yake, ule mpira unaozuia mafuta yasipenye, ilikuwa imegeuka unga. Bila masikio ya Eliamani wangetafuta pampu mpaka leo. Lakini kesho yake aliamka na kikohozi, na kikohozi kile hakikuondoka.

Zamu ikawa ya Nasemba. Akaifunga pistoni mbovu kwenye kanga, akateremka mlima. Akauliza Same, akauliza Mwanga, akauliza Moshi. Wenye maduka walimcheka. "Mama, hii peleka makumbusho." Akamjibu mmoja wao, "Basi nielekeze makumbusho." Akalala kwa ndugu, akalala kwa ndugu wa ndugu, akalala stendi. Miguu ikavimba, viatu akavibeba mkononi.

Hatimaye akafika tambarare, kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, akaingia kwa mama ntilie mmoja kuomba maji. Mama yule alikuwa anatwanga vitunguu saumu. Nasemba akautazama mchi. Akaufungua mzigo wake. Akautazama tena mchi. Loo! Kichwa kile kile, fimbo ile ile, inang'aa kwa kutwangia.

"Dada, naomba huo mchi."

"Wazimu umekuingia? Mchi huu umenisomeshea watoto."

"Nitakupa mwingine."

"Nimeshauzoea huu."

Nasemba hakubishana. Akakunja mikono ya gauni, akaanza kuosha sufuria. Kesho yake akaosha tena. Akachota maji, akamenya ndizi, akafukuza walevi, na kila jioni anauliza, "Dada, mchi?" Mama ntilie akachoka yeye kwanza. Akamtupia. "Chukua, uniondokee! Nikikuota wewe tena nitakushtaki." Nasemba akaikumbatia pistoni ile kama mtoto, akapanda nayo mlima. Alipofika nyumbani alikuta mbuzi wake wa maziwa ameuzwa na wanawe, kwa kuwa njaa haimsubiri mama arudi.

Ikabaki sili, nayo ikamwangukia Sefania. Sili ya saizi ile haiuzwi popote. Akakata mpira wa tairi, mafuta yakaula. Akakata ndala, ikachanika. Akakata mkanda wa mashine ya kusaga, ukagoma kukunjika. Siku ya ndiva ikawa inakaribia, na Sefania anakata tu, vidole vimejaa plasta.

Mwishoni akaenda kwenye dari la nyumba yake akashusha mvukuto wa babu yake. Mnaujua mvukuto? Ni ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto wa wahunzi. Ule ulikuwa na mifuko miwili, na ulikuwa kitu pekee alichorithi. Baba yake alimwambia usiuze, usiazime. Hakumwambia usikate, labda kwa sababu hakuna Mshana aliyewahi kufikiria jambo kama hilo.

Mkewe akamkuta ameketi chini, kisu mkononi, machozi yanatiririka.

"Si uache tu, baba," akamwambia. "Tutakufa njaa na wenzetu."

Sefania akatikisa kichwa, akakata. Mfuko wa kwanza uliharibika wote wakati anajifunza. Wa pili, ngozi yake ikabaki kipande cha kutosha sili moja. Akakilowesha kwenye mafuta, akakikandamiza kikawa na umbo la kikombe, akakivisha pistoni ya Nasemba, akaitia ndani ya silinda ya Eliamani. Nimesema ya Eliamani? Ya Mama Kiondo. Mnaona? Hata mimi nachanganyikiwa kitu ni cha nani.

Mama Kiondo akawasha. Akavuta wenzo wa kunyanyulia. Plau ikatetemeka, ikasita, halafu taratibu ikapanda!

Nasemba akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Eliamani akacheka, akakohoa, akacheka. Mke wa Sefania akambeba mumewe juu juu, mtu mzima! Jamani, ile furaha iliwafaa, walikuwa wameifanyia kazi. Laiti ingekaa.

Sefania aliposhushwa akainama chini ya silinda. Tone la mafuta lilikuwa linaning'inia. Likadondoka. Likaja jingine. Ndipo yule mtu asiye na maneno akasema maneno mengi kuliko siku zote.

"Ngozi hii ni nyembamba na ni ya zamani. Shamba moja italima. La pili haitamaliza, nawaambia ukweli. Na ngozi nyingine sina."

Na ndiva ilikuwa inafunguliwa kesho yake asubuhi.

Wakaongozana mpaka njia panda. Mkono wa kulia unapanda kwa Eliamani, moja kwa moja ni kwa Nasemba, kushoto unateremka kwa Sefania. Mama Kiondo akasimamisha Kijeba, mguu kwenye klachi.

"Haya," akasema. "Niende wapi?"

Eliamani akasema, "Mama, nisingesikia mimi, hawa wangetafuta nini? Mmoja angetafuta pampu isiyokuwepo, mwingine angetengeneza sili ya wapi? Mbegu yangu ya tangawizi imeshachipua jikoni. Isipoingia ardhini wiki hii inaoza, na mbegu nyingine sitaipata. Na kifua hiki nimekipatia hapa hapa."

Nasemba akasema, "Kusikia ugonjwa siyo dawa, kaka Eliamani. Ungekaa na nondo yako sikioni mpaka leo kama nisingeosha sufuria za watu. Shamba langu lilirukwa msimu uliopita. Likirukwa tena, wazee wa maji wananifuta kwenye zamu, na mimi sina mume wa kwenda kuwasemesha. Wanangu watalelewa na nini? Mbuzi tayari ameuzwa."

Sefania akaonyesha kwa kidole kule mafuta yanakodondoka, akasema tu, "Kinachonyanyua ile plau ni ngozi ya babu yangu. Nikikosa na mvuno mwaka huu, nitawaambia wanangu niliufanyia nini mvukuto?"

Najua mnachotaka kusema. Eti wagawe shamba. Nimewaambia, nusu shamba halipewi maji. Eti walime moja wagawane mavuno. Waliwahi kugawana maharage, na mpaka leo Eliamani na Sefania hawasalimiani mpaka Nasemba asimame katikati. Eti wapige kura. Watu watatu, mashamba matatu, kila mtu si atajipigia mwenyewe? Eti wawaombe wazee wa maji wasogeze siku. Nendeni mkawaombe ninyi, tuone.

Na usiniambie pia kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Ni kweli hakivunji. Lakini chawa akishakufa hakuna anayemgombea. Shamba linagombewa.

Mama Kiondo akawatazama mmoja mmoja. Wote majirani zake. Wote walimzikia mume. Eliamani ndiye aliyechimba kaburi, Nasemba ndiye aliyelala naye msibani, Sefania ndiye aliyetengeneza msalaba. Akasema, "Mungu wangu, kwa nini hamkuniacha na trekta yangu mbovu?" Akaanza kulia pale pale juu ya kiti, mikono haijaachia usukani.

Chini ya Kijeba mafuta yanadondoka. Kila tone ni tuta moja lisilolimwa. Jua linaelekea magharibi.

Sasa, wewe uliyejisogeza karibu na moto, na wewe unayejifanya umesinzia. Msinitazame mimi. Aliyesikia, aliyetafuta, aliyekata: ukimwondoa yeyote, plau haipandi. Je, wewe ungeamua vipi? Usukani ungeugeuzia wapi? Na ukishaugeuza, ungeshuka kwenye kile kiti ukawaambie nini wale wawili?