Mama Aliyewekwa Mbele

Mama mmoja, mwenyekiti wa umoja wa wanawake katika usharika ambao hautatajwa hapa, maana mtaanza kugeuka na kutazamana, alisimama siku moja baada ya matangazo akasema atapanda Kilimanjaro. Hadi Kibo, kwa miguu yake, na bendera ya umoja ataisimamisha huko juu. Akina mama wakapiga vigelegele. Kwenye benchi la wazee wa kanisa mzee mmoja akasema, kwa sauti aliyotaka isikike, "Huyu atarudia getini." Kuanzia hapo mlima haukuwa mlima tena. Mlima ulikuwa yule mzee.

Walikwenda kundi dogo: yeye, mwalimu wa kwaya, dada mmoja nesi, na mwanajeshi mstaafu ambaye kabla hata hawajafika getini alikuwa amekwisha kuwasimulia mara mbili jinsi jeshini walivyotembea na mizigo bila maji. Kiongozi wa msafara, mwanamume wa makamo, aliwatazama wanavyofunga viatu, wanavyopumua, wanavyokwenda chooni na kurudi. Kisha akasema, "Mama, wewe utakaa mbele, hapa nyuma yangu. Wengine wote mfuateni mama. Mtu asimpite."

Hebu niambieni. Sisi tukiambiwa tukae mbele, tunaelewa nini? Harusini nani anakaa mbele? Msibani je? Na humu ndani, vile viti vyenye vitambaa ni vya nani? Mama yule alielewa kama ambavyo mimi na wewe tungeelewa. Alijua ameketishwa meza kuu. Akaweka kilemba sawa, akakaza mikanda ya begi, akatangulia.

Na mtu wa meza kuu hajikokoti, au sivyo? Msituni, njia ikiwa bado laini na miti inadondosha umande, mama alitembea kama anayechelewa ibada. Kiongozi akawa anasema, "Polepole, mama." Mama akaisikia kama adabu tu, kama vile unavyomkaribisha mgeni chakula huku sufuria tupu. "Mbona mnanyata?" akauliza. "Kwani tunasindikiza jeneza?" Akazidi kumkaribia yule kiongozi mgongoni, akamkanyaga visigino. Na kiongozi naye, kwa kuwa amelelewa, akaona haya kumzibia njia mtu wa umri wa mama yake. Akaongeza mwendo.

Nyuma mwanajeshi akasema, "Mama anakwenda kama msichana." Mama akasikia, na maneno yale yakamshuka kama chai ya maziwa. Hakugeuka kuona uso wa aliyeyasema.

Siku ya tatu miti ilikuwa imebaki chini, yamebaki mawe na vumbi, na hewa unayoivuta haikutoshi. Kichwa cha mama kilikuwa kinatwangwa. Kila walipopumzika alijitenga, akaenda nyuma ya mwamba, akatapika, akajifuta kwa ncha ya kanga. Akirudi anasema, "Nilikwenda kuomba kidogo." Wenzake wakaitikia, "Amina." Kambini uji wake aliumwaga chini ya jiwe. Kiongozi alipopita, kama kawaida ya mlimani, kumuuliza kila mtu kichwa vipi, alianza na yeye wa mbele. "Namshukuru Mungu," akasema, "sina neno." Na wote waliomfuata wakajibu kama yeye.

Asubuhi yake alikaa juu ya jiwe kufunga viatu, kamba zikawa hazishikiki. Kiongozi akachuchumaa mbele yake.

"Mama, jana ulikula?"

"Nilikula."

"Uji wako nimeuona."

Mama akasema, "Mwanangu, usinitafute. Mtu anayeongoza wenzake hana nafasi ya kuumwa."

"Kuongoza?"

"Si wewe uliniweka mbele?"

Kiongozi akaangalia chini. "Samahani, mama. Nilikuweka mbele kwa sababu wewe ndiye mzito kuliko wote. Huku ndivyo tunavyofanya. Mwenye mwendo mdogo anatangulia, wengine wanakwenda kwa mwendo wake, asije akabaki nyuma peke yake hatumwoni."

Mnausikia upepo wa mlimani hapo? Mama aliusikia. Alisikia pia vigelegele, na benchi la wazee.

"Na hukuniambia."

"Ningeanzaje, mama? Nilikosa. Nilisema polepole, nikanyamaza, nikaongeza mwendo."

"Sasa nikisema naumwa, unanirudisha nyumbani?"

"Ukisema, tunashuka kidogo, tunapumzika siku nzima, tunaona. Usiposema, nitakushusha kwa machela. Nikiwahi."

Kwa mama, kushuka kwa hasira kulikuwa rahisi. Angepata na mtu wa kumlaumu. Kuendelea kwa kujikaza aliweza pia, na labda leo tungekuwa tumeshasahau mahali alipozikwa. Akainuka, akaenda walipokuwa wenzake wakikunja mahema.

"Jamani. Kichwa kinanipasuka tangu juzi. Yale maombi yangu nyuma ya mwamba, nilikuwa natapika."

Turubai lilikuwa linapigapiga. Kisha mwanajeshi, macho kwenye viatu vyake, akasema, "Hata mimi."

"Hata wewe nini?"

"Nimetapika, mama. Mara nyingi kuliko wewe, naona."

Mwalimu wa kwaya akasema usiku hajapata usingizi, alikuwa anangoja mwingine aanze. Nesi akaketi chini, akawa hajui acheke au alie. "Dawa za kichwa za kundi zima nilibeba mimi," akasema, "na nimezimaliza peke yangu."

Mama akawatazama. "Kwa nini hamkusema?"

"Tungesemaje?" mwanajeshi akamjibu. "Wewe huko mbele unakimbia."

"Mimi nilikuwa nakimbia kwa sababu yenu ninyi huku nyuma."

Walishuka kidogo, wakapumzika, wakanywa maji, wakalala mchana bila aibu. Vichwa vilipotulia wakaanza tena, mama yule yule mbele, sasa akijua kwa nini yuko pale. Safari hii alitembea mwendo wake mwenyewe, mdogo, wa kuudhi, hatua na pumzi, hatua na pumzi. Waliondoka kambi ya mwisho kabla ya makundi yote na makundi yote yakawapita. Waliokwisha kufika juu wakawakuta njiani wakiwa wanashuka. "Bado mpo, mama?" mmoja akamtania. "Tupo," akasema, "na tupo wote." Jua lilikuwa limeshapanda sana walipoisimamisha ile bendera Kibo. Hakukosekana mtu. Mwanajeshi alilia, na hakusingizia upepo.

Mama yule alirudi usharikani akijivuna, na alistahili kujivuna. Hakusema, "Nilifika." Alisema, "Tulifika, na tulikwenda kwa mwendo wangu."

Sasa sisi. Sisi tunamweka nani mbele? Tunamweka mwenye sauti, mwenye gari, mwenye kukariri aya, halafu tunatweta nyuma yake. Yeye huko mbele anatuogopa sisi, anakimbia. Sisi huku nyuma tunamwogopa yeye, tunakimbia. Ukituuliza, wote hatujambo, Bwana asifiwe. Kuna ndoa humu ndani zinatapika nyuma ya mwamba na kuiita shughuli hiyo maombi. Kuna baba hajala tangu mtoto alipofukuzwa shule, naye Jumapili iliyopita alisoma somo la kwanza kwa sauti safi kabisa. Na anapoanguka mmoja wetu, tunasema nini? Tunasema alirudi nyuma. Hakurudi nyuma, ndugu zangu. Sisi ndio tuliomwacha.

Mweke mbele mjane anayeimba taratibu. Mweke mbele aliyeacha pombe wiki hii tu na mikono bado inamtetemeka. Twende mwendo wake. Tutachelewa, ndiyo. Makundi mengine yatatupita na yatatutania, yatuite kanisa la wagonjwa. Waitikieni kifua mbele.

Kwa maana siku tutakapofika, hakuna atakayetuuliza nani alitangulia. Tutaulizwa wako wapi wale tuliotoka nao nyumbani. Na sisi, nataka sisi tuweze kugeuka na kuwaonyesha.