Mlango wa Righa

Mnunua deni hajanunua mlango. Maneno hayo Mzee Mwasaru aliwaambia vijana wa timu ya Mwangoni siku waliposhinda mechi ya kwanza ya fainali, wakaanza kuchangisha fedha za fulana zilizoandikwa "Mabingwa", ilhali mechi ya marudiano ilikuwa bado. Vijana walicheka, kisha wakamuuliza deni na mlango vinahusiana vipi na mpira. Mzee akaketi juu ya kreti la soda pembeni mwa uwanja, akasema kwamba usemi huo ulizaliwa hapo hapo mjini kwao, na chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na muuza magodoro aliyeitwa Righa, mtu mcheshi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuamini. Tangu ujana wake alikuwa akiishi chumba cha kupanga, na sehemu kubwa ya chumba hicho ilijaa magodoro ya biashara mpaka darini. Alipomposa Mkamburi, mshonaji wa pale sokoni, Mkamburi alikubali kwa moyo mkunjufu, ila akamwambia wazi kuwa hataanza maisha ya ndoa akiwa amebanwa baina ya magodoro ya watu. Righa akaahidi nyumba. Aliahidi kwanza, akafikiri baadaye.

Haukupita muda akasikia kuwa kaunti inafanya mnada wa nyumba ambazo kodi zake za kiwanja hazijalipwa. Akaenda ukumbini, akakaa mbele kabisa. Ilipotajwa nyumba ya mawe iliyo karibu na kisima cha zamani, moyo ulimdunda, kwa kuwa aliijua nyumba ile na mara nyingi alikuwa ameipita akiitamani. Bei yake ilikuwa ndogo hata akadhani amesikia vibaya. Akanyoosha mkono. Hakuna aliyeshindana naye. Akalipa, akapewa hati yenye mhuri, akaikunja na kuitia mfukoni bila kuisoma, kwani aliona kusoma ni kuichelewesha furaha.

Jioni hiyo alipita barabarani kuitazama mali yake. Kuta zilikuwa imara, bati halikuwa na neno, lakini mlango wa mbele ulikuwa umeliwa na mchwa, unaning'inia kwa bawaba moja. Righa akaona hawezi kumleta mke kwenye mlango wa namna ile. Akachukua akiba yote iliyobaki, akaenda kwa seremala na kuagiza mlango wa mninga, mzito, wenye nakshi ya majani. Ulipokuwa tayari akaupakia kwenye mkokoteni, akausukuma mwenyewe mpaka kwenye ile nyumba huku akiimba.

Ndani ya nyumba ile aliishi mjane aitwaye Mama Shali. Kwa miezi mingi alikuwa akimsihi mwanawe aliyeko Mombasa amtafutie mlango. Alipomwona Righa na mkokoteni, akafurahi sana, akamwambia, "Fundi, umechelewa, lakini karibu."

Righa naye akadhani huyu ni mlinzi aliyewekwa na kaunti. Akamwamkia kwa heshima, akavua shati, akaanza kazi. Waliung'oa mlango wa zamani pamoja, mama akishika nyundo na kumpa misumari. Ulipokaa sawasawa, Mama Shali aliufungua na kuufunga mara nyingi kwa raha tu ya kuusikia. Kisha akamkaribisha chai na viazi vitamu, akamsimulia jinsi marehemu mumewe alivyoyachonga yale mawe kwa mkono. Righa akawaza, huyu mama ni mwema mno, haifai kumtupa nje.

"Mama, nimefikiri," akasema. "Sina haraka ya kukuondoa. Chumba cha nyuma ubaki nacho."

"Kuniondoa wapi, mwanangu?"

"Hapa. Nyumba hii nimeinunua kwa kaunti."

Mama Shali akakiweka kikombe chini polepole. "Basi twende huko huko kaunti," akasema. "Kama nyumba yangu imeuzwa, nami nina haki ya kusikia bei."

Akajifunga leso, wakaenda pamoja. Afisa wa kodi akaisoma hati, akawatazama wote wawili.

"Bwana Righa," akasema, "wewe hukununua nyumba. Ulinunua deni la nyumba."

Akawaeleza kwa upole. Madai ya kodi yalikuwa yakitumwa kwa jina la marehemu, kwenye sanduku la posta ambalo hakuna aliyelifungua tena. Kodi ikirundikana, kaunti yao haikuuza nyumba moja kwa moja. Kwanza ilinadi deni. Aliyelinunua alimlipia mwenye nyumba kodi yake, na mwenye nyumba alipewa miaka miwili ya kulikomboa kwa kulilipa pamoja na riba. Muda ule ukipita bila kukombolewa, hapo ndipo mnunuzi wa deni angeweza kudai hati ya nyumba yenyewe.

"Na mlango wangu?" Righa akauliza.

"Umeupigilia kwenye nyumba ya mtu. Deni likikombolewa, utarudishiwa ulicholipa, na riba juu yake. Mlango haumo."

Righa akainama, akimfikiria Mkamburi. Afisa akaongeza kuwa amestaajabu, kwa sababu wanunuzi wengi wa madeni hukaa kimya, wakiomba mwenye nyumba asikumbuke mpaka muda uishe. Yeye ndiye wa kwanza aliyekwenda kumwamsha mwenye nyumba kwa nyundo.

Hapo Righa akamtazama Mama Shali. Akajiona, baada ya miaka miwili ya kunyamaza, akija na askari kumtoa nje mama huyu aliyemlisha viazi. Kisha mzigo ukamshuka kifuani, akaanza kucheka, akacheka mpaka benchi likatikisika, na Mama Shali akashindwa kujizuia, akacheka naye.

Mama Shali aliwaita wanawe. Huyu akatuma fedha, yule akauza fahali, na deni likakombolewa muda ukiwa bado mwingi. Righa akapata fedha zake na riba. Alipoletewa malipo ya mlango akayakataa kabisa, akisema chai ya siku ile ilitosha. Basi Mama Shali akamwita yeye na Mkamburi, akawaonyesha pembe ya kiwanja chake iliyokaa bure, akawauzia kwa bei ya ujirani. Safari hii Righa alisoma mkataba wote kwa sauti, na Mkamburi akamrudisha mwanzo asome tena.

Nyumba yao mpya ilipokwisha, harusi ilifanyika uani kwa Mama Shali, na bibi arusi alitokea kwenye mlango wa mninga huku wanawake wakipiga vigelegele. Mgeni mmoja akausifu, akauliza ni wa nani.

"Wangu," Mama Shali akajibu. "Mnunua deni hajanunua mlango."

Watu wakaangua kicheko, na aliyecheka zaidi alikuwa bwana arusi.

Mzee Mwasaru aliponyamaza, nahodha wa timu alikuwa tayari anamrudishia kila mtu mchango wake. Akauchukua mpira, akautupa katikati ya uwanja, akawaita wenzake mazoezini.

"Inukeni," akawaambia. "Mnunua deni hajanunua mlango."